Shangazi wa Magurudumu: Tairi Limekataa Talaka

Shangazi, nimenunua magurudumu ya mtumba ya baiskeli ya mashindano. Matairi yake ni yale yaliyoshonwa kuzunguka tyubu, kisha yakagandishwa kwenye rimu kwa gundi. Moja limepata pancha na halibanduki. Fundi wa mtaani anashauri bisibisi. – Niliyenata, Arusha

Mwanangu! Bisibisi mrudishie mwenyewe. Itatoboa tairi na kukwangua rimu, na kama rimu ni ya kaboni, hapo hujavunja ndoa tu, umebomoa na nyumba.

Toa upepo wote. Anza upande unaotazamana na valvu. Sukuma ukingo wa tairi kwa vidole gumba, huku na huku, mpaka gundi iachie mahali pamoja. Vidole vikishindwa, penyeza kile kipande cha plastiki cha kutolea tairi, kitokeze upande wa pili, kisha ubandue kidogokidogo ukielekea kwenye valvu. Utatoka jasho. Usinung'unike: lililobanduka kwa urahisi ndilo la kuogopa, maana ulikuwa unalipanda hivyohivyo. Ukiona utepe wa kitambaa unabaki kwenye rimu, acha hapo, jaribu upande mwingine. Utepe huo ndio unaofunika mshono, nawe utauhitaji: ili kuziba pancha, unaubandua kidogo, unafumua nyuzi, unatia kiraka kwenye tyubu, unashona, unaurudisha.

Shangazi, langu nimelitoa zima. Gundi ya zamani bado inanata. Naweza kulirudisha vilevile? Jumamosi nina mashindano. – Mwenye Haraka, Kigali

Kulirudisha, ndiyo. Kushindana nalo, hapana. Waendeshaji hubeba tairi la akiba lililokwisha kupakwa gundi, wakipata pancha wanalivalisha juu ya gundi iliyobaki kwenye rimu na kurudi nalo nyumbani, kona wakizipita kwa adabu. Kazi yake inaishia hapo.

Wewe wa milima elfu unajua mteremko ni nini, basi sikiliza habari ya Joseba Beloki. Tarehe 14 Julai 2003, katika Tour de France, Mhispania huyo alikuwa wa pili katika msimamo, akiteremka kuelekea mji wa Gap. Lami ilikuwa imelainika kwa joto. Gurudumu la nyuma likateleza, tairi likachomoka kwenye rimu, naye akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Mshindani wake Lance Armstrong, aliyekuwa nyuma yake, alimkwepa kwa kukatiza shambani.

Kwa hiyo kwangua mabonge, gundi laini iliyobaki iache. Paka gundi mpya nyembamba kwenye rimu na kwenye utepe, ikauke usiku kucha, rudia, ndipo ulivalishe. Jaza upepo, liache siku nzima. Kama leo ni Ijumaa, shindana Jumamosi ijayo.

Shangazi, mume wangu anapaka hiyo gundi sebuleni. Nyumba nzima inanuka. Nivumilie? – Mke wa Mwendeshaji, Mombasa

Hata kidogo. Mvuke ule unaumiza kichwa na unashika moto. Atoke barazani, mbali na jiko. Akisema baiskeli ya maana lazima iwe na gundi, mwambie timu nyingi kubwa za kulipwa zimeshahamia matairi yasiyo na tyubu wala gundi.