Mechi ya Ugenini: Mwongozo kwa Mtu wa Kumi na Moja

Simu italia Ijumaa usiku. Anayepiga ni nahodha wa timu ya kriketi ya kijiji unachoishi, huko Uingereza ulikofuata shule au kazi, na upole wake umepita kiasi. Hatakuuliza kama unajua kucheza. Atakuuliza kama una suruali nyeupe. Ukishakiri kwamba unayo, ile ya Idi au ya kwaya, umekwisha: wewe ndiye mtu wa kumi na moja, na kesho saa saba mchana mko ugenini.

Usitaje kwenu mapema. Sema unatoka Kenya, na hakosekani mzee wa kukumbuka Kombe la Dunia la 2003: Sri Lanka ikachapwa Nairobi, Collins Obuya akaangusha wiketi tano, na vijana wa Steve Tikolo wakafika nusu fainali. Kuanzia hapo wewe ni Tikolo, na utapangwa kupiga wa nne. Kujitetea kwamba wewe ni mtu wa Tanga hakusaidii. Ataona ni jirani tu, damu ileile. Afadhali useme wazi kwamba mchezo pekee wa mpira wa kurushiwa ulioucheza maishani ni rede, na kazi yako kule ilikuwa kuukwepa.

Safari ndiyo sehemu ya kwanza ya mechi, na aghalabu ndiyo mnayopoteza. Uingereza ina vijiji vingi vinavyoitwa Sutton, na vingi vingine vinavyoitwa Norton, na ramani ya simu hukufikisha kwenye zizi la ng'ombe bila kukosea hata hatua moja. Njia zenyewe ni za gari moja, ua wa miti umesimama kama ukuta kushoto na kulia. Ukikutana na trekta, wa kurudi nyuma ni wewe. Saa saba ikigonga, mko saba uwanjani.

Sarafu itarushwa. Nahodha wako akibahatika atainama, atabonyeza nyasi kwa kidole gumba, atasema jambo zito kuhusu unyevu, kisha atachagua kupiga kwanza. Usimwone mtaalamu. Timu inayopiga huhitaji watu wawili tu ndani, na wanne wenu bado wako Sutton nyingine.

Wakati huo kagua uwanja. Klabu ya Lynton na Lynmouth, kule Devon, huchezea kwenye bonde ambamo mbuzi wasio na mchungaji hujiendea watakako. Hata Canterbury, uwanja wa jimbo zima la Kent, ulikuwa na mti ndani ya mpaka hadi upepo ulipouangusha mwaka 2005. Mpira ukiugusa, mpigaji alihesabiwa mikimbio minne. Vijiji navyo vina kanuni zao za mti, za paa na za bwawa. Zote ni halali. Ila mwenyeji huzikumbuka zinapomfaa yeye.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe, maana si mpira, ingawa ni wa ngozi na una uzito wa gramu 156 hadi 163. Hatari ni koti jeupe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijijini hawangoji hiyo ya tatu. Kwa kuwa hakuna waamuzi wa kulipwa, wachezaji wa upande unaopiga ndio wanaoamua kwa zamu, na mtu wa kumi na moja hana kazi nyingine. Utavishwa koti, utapewa kokoto sita za kuhesabia mipira ya ova, moja itaangukia kwenye tundu la mfuko, na ova yako ya kwanza itakuwa na mipira mitano au minane.

Hayo yatasamehewa. Lisilosamehewa ni mguu mbele ya wiketi. Sheria hiyo iliingia mwaka 1774, na mpigaji aliyeridhika nayo hajazaliwa. Mpira umegonga mguu wa nahodha wako. Kama si mguu, vijiti vingekuwa chini, hata mbuzi wa Lynton angeona. Kisheria huna haki ya kumtoa mpaka wapinzani wake waulize. Wataulizaje? Kwa kupiga yowe, wote kumi na mmoja. Ukiinua kidole, umetenda haki, na umemtoa mtu aliyekuja nawe kwa gari lake. Ukikiacha mfukoni, utakaa kwenye chai na wenyeji waliokuona. Ushauri wangu: inua kidole, lakini kwanza hakikisha una nauli ya basi. Jumamosi jioni basi lenyewe halipo.

Chai ni mtego wa pili. Baada ya korona ligi kadhaa ziliacha kuilazimisha, ila vijiji vyenye kiburi vinaendelea nayo: sandwichi za tango na za mayai, keki za tabaka, chai ya maziwa isiyojua tangawizi. Msomaji Mwislamu, kile kinachofanana na sambusa iliyonyooka kina nguruwe ndani. Na mkiwa Devon au Cornwall usiulize kinachotangulia kwenye skoni kati ya krimu na jamu. Wenyeji watakujazia sahani mara tatu kwa ukarimu wa kweli, wakijua fika kwamba baada ya chai ni zamu yenu kukimbiza mpira.

Kukimbiza kwenyewe hakuna la kusimulia. Utapelekwa mbali, kwenye majani yanayowasha kama upupu, na mpira utakuja mara moja tu, wakati umegeuka.

Mnapopiga nyinyi, muogope mzee wao. Kijana mwenye miwani ya jua hana lake. Yule wa miaka sabini, tumbo mbele, anayerusha polepole hadi unapata muda wa kufikiri, ndiye atakayewamaliza wanne. Mwaka 1777 kijiji cha Hambledon, Hampshire, kiliishinda timu iliyojiita England kwa kipigo cha aibu, na tangu hapo kila kijiji kina mzee anayeamini kwamba ni zamu yake.

Mvua ikinyesha, tazama upande wowote na useme kule kunaanza kuangaza. Ndiyo desturi.

Jioni, kwenye baa, aliyefikisha mikimbio hamsini huwanunulia wenzake jagi la bia. Wewe agiza soda na ukae karibu na mlango. Hapo nahodha atakukumbusha kwamba wiki ijayo mko nyumbani, na kwamba zamu ya chai haina mtu. Usijibu kwa adabu ya kwetu. Ukisema "tutaona, Mungu akipenda," ataandika jina lako. Sandwichi ni za watu ishirini na wawili pamoja na waandika alama wawili, na mkate ukatwe kingo.