Chagua Babu Mapema: Mwongozo wa Mahojiano ya Uraia kwa Mzaliwa wa Karagwe

Hatua ya kwanza ya mahojiano ya uraia ni kuzaliwa mahali panapofaa, na hapo ndipo watu wa Ndama walipoharibu mambo mapema. Nchi hii ni kubwa. Wangeweza kuzaliwa Singida au Dodoma, ambako anayekuita mgeni itabidi kwanza aeleze ulipita wapi. Wao wakachagua Karagwe: Rwanda machweo, Uganda kaskazini, na mto Kagera unaovukwa kwa mtumbwi na mtu anayekwenda kwenye ubatizo wa mpwa wake. Halafu wanaomba namba ya NIDA, wanaambiwa wapite kwanza Uhamiaji wakahojiwe, wanashika vichwa.

Mwongozo huu ni wako wewe wa Ndama, wa Bugene, wa Nkwenda na Murongo. Mhamiaji wa kweli, aliyeingia kwa pasipoti na anaomba tajnisi, hana haja nao. Yake imeandikwa. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Atangaze nia yake gazetini ili mwenye neno aseme. Kisha amsubiri Waziri, ambaye akikataa halazimiki kutoa sababu. Ni safari ndefu, lakini anajua inaanzia wapi. Wewe uliyezaliwa hapa na mtu aliyezaliwa hapa hukuwekewa safari ya namna hiyo. Wewe una babu.

Kwa hiyo mchague vizuri. Babu bora ni aliyekwisha kufa, akazikwa kwenye kibanja chake katikati ya migomba, na juu yake kuna msalaba wenye jina linalosomeka. Babu aliye hai ni mzigo, kwa sababu naye ataulizwa, na wazee wetu wana tabia ya kusema kweli kwa urefu. Utamleta athibitishe kwamba alizaliwa hapa; yeye ataanza na mjomba wake aliyekwenda Mpororo kutafuta mke, atataja ng'ombe wanne wa mahari, na kabla hujamkanyaga mguu chini ya meza ukoo wenu wote utakuwa umeshaandikwa Uganda.

Kaburi halisemi ovyo. Ndiyo maana familia yenye akili huku kwetu inajenga kaburi la saruji hata kama nyumba ya kuishi bado ni ya udongo. Majirani hudhani ni fahari. Wala; ile ndiyo masijala ya familia. Swali litakuja tu: babu mzaa baba aliitwa nani, alizaliwa wapi, amezikwa wapi? Kisha mzaa mama. Kisha mabibi, wote wawili. Kariri majina hayo kama unavyokariri Baba Yetu, na uyakariri kwa mpangilio mmoja, maana yatarudiwa baada ya robo saa kwa mpangilio mwingine, kwa sauti ya mtu anayepiga soga.

Jihadhari pia na swali dogo la katikati.

"Babu yako alikuja huku lini?"

"Hakuja, afande. Alikuwepo."

"Alikuwepo tangu lini?"

Hapo wengi huanguka. Akili inatafuta mwaka, mdomo unautoa, na mwaka ukishatoka, babu amekwisha kuja. Jibu lipo, ila si la kulitamka mezani: alikuwepo tangu kabla ya mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani uliochora mstari huku ni wa Julai 1890, na waliouchora hawakuwahi kula ndizi ya Karagwe. Hata baada ya hapo mstari haukutulia. Kisaka, ng'ambo ya mto, iliwahi kuwa chini ya Waingereza wa Tanganyika kwa muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1920, walipokuwa wanaota reli, kabla ya kurudishwa kwa Wabelgiji na Rwanda yao. Kama bibi yako alizaliwa kule miezi hiyo, alizaliwa Tanganyika bila kuhama chumba. Hoja hiyo ni tamu. Ihifadhi kwa ajili ya kilabu cha rubisi.

Usisome sheria kabla ya kwenda. Ukiisoma utajiamini, na mtu wa mpakani anayejiamini anatia shaka. Kifungu cha 5 cha sheria ile ile kinasema aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia kwa kuzaliwa. Kinawatoa watu wa aina mbili tu: mtoto ambaye wazazi wake wote si raia na baba ana kinga ya kibalozi, na mtoto wa adui aliyezaliwa mahali palipotekwa na adui. Maandishi yanaishia hapo. Kwa vitendo huongezwa sharti la mzazi mmoja raia; mzazi naye huulizwa mzazi wake, na ndivyo tunavyopandishwa ngazi hadi makaburini. Kwa aliyezaliwa kabla ya Uhuru, yaani kabla ya 9 Desemba 1961, hesabu ni nyingine: awe alizaliwa Tanganyika, na walau mzazi wake mmoja naye awe alizaliwa Tanganyika.

Kwa kupita tu, wanakagera tujivunie. Pengine ni mkoa wetu peke yake ambako maneno yale ya adui yangeweza kupata kazi, maana majeshi ya Idi Amin yaliteka ardhi ya kaskazini ya mto, upande wa Missenyi, mwishoni mwa Oktoba 1978. Kama mama yako alijifungua huko siku zile, na baba yako alikuwa askari wa Amin, kifungu kinakuhusu. Wengine wote keti, tuendelee.

Jina. Mugisha ni jina zuri mno: linapatikana Karagwe, Mbarara, Kigali na Bujumbura, kwa hiyo halikusaidii popote. Kama jina la ukoo wako lina baraka za mataifa manne, litangulizie jina la ubatizo. Hapo Kagera hatuna mpinzani. Mtu anayeitwa Projestus, Adventina, Respicius au Alistidia amekwisha kujieleza. Paroko aliyetoa majina hayo kwenye kalenda ya watakatifu alikuwa, bila kujua, anafanya kazi ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Lugha. Utaongea Kiswahili, lakini si kizuri sana. Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari kitaulizwa ulikojifunzia. Kibovu kitaulizwa vilevile. Lenga kile cha darasa la saba, chenye lafudhi ya Kinyambo ya kadiri. Tatizo ni kwamba Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo kinywa chako peke yake kinaweza kukuhamisha. Mtu akikupitia mlangoni na "Agandi?", usikurupuke na jibu ambalo Mnyankole yeyote angelitoa. Geuka taratibu, kama mtu ambaye hakusikia vizuri, useme, "Shikamoo."

Umbo, bahati mbaya, halina maelekezo. Kama ni mrefu, mwembamba, na familia yenu inafuga, unaweza kujaribu kuketi mapema.

Nyaraka beba zote, hata zisizohusika, kwenye bahasha ya kaki iliyochakaa. Bahasha mpya inaonyesha umejiandaa. Weka barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kuzaliwa kama kipo, cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki, kadi ya mpiga kura. Chini kabisa weka hazina: stakabadhi ya kodi ya maendeleo ya marehemu baba, kodi iliyofutwa mwaka 2003, na karatasi ya mauzo ya kahawa ya chama cha msingi. Kisheria havithibitishi uraia. Lakini karatasi iliyotobolewa na mchwa ina heshima ambayo lamineti haina. Anayekufuata nje akisema ana njia ya mkato ni kishoka. Mwache na njia yake.

Shahidi awe mzee aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi. Hao wanakumbuka nani alikuwa wapi wakati wa vijiji vya ujamaa, nani alihama, na nani alirudi usiku kuchukua mlango wa nyumba yake. Hakikisha tu hamna kesi ya mpaka wa shamba. Wengi wanaochongewa kuwa si raia huku kwetu wana kibanja ambacho mtu mwingine anakipenda, na kuita polisi ni rahisi kuliko kushinda kwenye baraza la ardhi.

Msitegemee vyeo. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari, mtoto wa mkoa huuhuu, aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Akaambiwa aombe uraia, akapewa baadaye. Katika orodha hiyohiyo alikuwemo Timothy Bandora, ambaye wakati huo alikuwa akiiwakilisha Tanzania huko Nigeria. Fikiria: unaitetea nchi ugenini, simu inalia kutoka nyumbani, unaambiwa huko nako ni ugenini.

Ukiwa unaona haya yote ni mchezo, kumbuka 2013. Julai Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili kuondoka. Septemba ikafuata Oparesheni Kimbunga katika Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu walivushwa. Walikuwemo walioingia bila kibali, hilo halina ubishi. Walikuwemo pia watu waliokaa hapa miongo, wenye wake na waume Watanzania. Takriban wakimbizi 36,000 wa Rwanda waliahidiwa uraia mwaka 1980 enzi za Mwalimu. Ahadi ilisikika, lakini vyeti havikuwafikia wote, na mtoto wa ahadi hana cha kuweka kwenye bahasha ya kaki.

Ukiwa na moyo wa mashtaka, jirani wa Mara alishatangulia. Anudo Ochieng Anudo, mzaliwa wa Butiama, alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kushughulikia taratibu za ndoa yake, akaambiwa kwamba uraia wake una shaka. Alinyang'anywa pasipoti, akapelekwa Kenya mwaka 2014, Kenya nayo ikamkataa, akabaki kwenye kipande cha ardhi kati ya nchi mbili kule Sirari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Machi 2018 kwamba mtu akiwa na nyaraka za uraia zilizotolewa na Serikali, ni Serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia, na kwamba kama shaka ilikuwa juu ya wazazi, kipimo cha vinasaba kingewezekana. Uamuzi mzuri. Sijasikia mtu aliyeutaja mezani kwa Uhamiaji pale Kayanga akarudi kwake kabla ya saa kumi jioni.

Wala usidhani mahojiano ni kitu kipya Karagwe. John Hanning Speke alipofika Bweranyange mwaka 1861, Mfalme Rumanyika alimsimulia jinsi alivyopata ufalme: walipogombea yeye na ndugu zake wawili, maofisa wa jumba waliwawekea mbele ngoma ndogo yenye dawa, ikawagomea wenzake, yeye akainyanyua kwa kidole kidogo. Swali moja, jibu moja, hakuna kurudi wiki ijayo na mashahidi wawili. Na tukiwa wakweli, nasaba ile yote ya Bahinda isingefika mbali leo. Ruhinda mwanzilishi, kwa simulizi za wazee wenyewe, alitoka upande wa Kitara, ng'ambo ya mpaka wa leo. Speke naye alikaa wiki kadhaa, na mwenzake Grant, aliyeugua mguu, alikaa miezi, wote bila kibali cha kuishi.

Ukifaulu, utapewa namba. Kadi huja kwa wakati wake. Isajilie laini ya simu siku hiyohiyo kabla hawajabadili mawazo. Namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Zisome hapohapo dirishani, polepole, moja moja, maana zikikosewa utaitwa tena uje ueleze kwa nini ulizaliwa kabla ya mama yako, na safari hii babu hatakusaidia.