Jinsi ya Kuanzisha Treni ya Moshi Kisiwani, kwa Watu wa Shinyanga na Geita

Sharti la kwanza la treni ya kitalii ni kwamba isimfikishe mtu anakotaka kwenda. Lieleweke mapema, maana hapo ndipo wengi wa kwetu wanapokwama. Mtu wa Isaka au Malampaka akisikia honi ya treni anakusanya mizigo, anamtuma mtoto akafunge kuku miguu, kisha anauliza Tabora watafika saa ngapi. Huyo hafai. Mteja unayemtafuta ni yule atakayelipa nauli nzima, akae kwenye benchi la mbao, aingiwe na masizi machoni, asafirishwe kilomita chache, arudishwe palepale alipopandia, na aseme asante.

Wenzetu wa visiwani wamelimudu jambo hili. Isle of Wight, kusini mwa Uingereza, wapenzi wa treni wanaendesha kipande cha reli ya mvuke tangu 1971. Ni kama kilomita tisa tu. Isle of Man, katika Bahari ya Ireland, walianza 1873, na hadi leo vichwa vya treni vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester enzi za Malkia Victoria vinavuta watu kutoka Douglas hadi Port Erin, kilomita 25 hivi. Kwa gari utafika mapema zaidi. Hakuna anayejali, kwa kuwa kufika mapema kungeua biashara.

Sasa tafuta kisiwa. Shinyanga haina, labda uhesabu kijiji cha mbugani Kishapu mvua za mwezi wa tatu zikishakolea. Geita imebarikiwa zaidi: ina Rubondo, unakivukia ukitokea upande wa Chato. Tatizo dogo ni kwamba Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na TANAPA hawafurahii mtu anayekuja na mataluma. Lakini abiria wapo tayari. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa humo sokwe waliotolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya, mradi wa Mjerumani Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Sokwe wale walikuwa wamesafiri kuliko diwani yeyote wa Kanda ya Ziwa wakati ule. Wajukuu zao wataelewa utalii bila kuhitaji semina.

Kabla hujachimba msingi, jifunze kwa Zanzibar, kisiwa chetu pekee kilichowahi kupigiwa filimbi ya treni. Sultani Barghash alitandika reli kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani karibu na mwaka 1880. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikafa. Ule ndio ulikuwa mfumo bora kabisa wa reli ya burudani: abiria mmoja, mmiliki yuleyule, na hakuna wa kuandika malalamiko. Kama unaweza kuwa Sultani, acha kusoma hapa, kaagize kichwa chako.

Asiyeweza atazame reli ya pili. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilifungua njia ya kama kilomita 11 kutoka mjini hadi Bububu. Treni ilipenya katikati ya nyumba za Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambavyo leo watu wawili wenye vikapu wakikutana mmoja hurudi nyuma. Cheche zake zilisifika kwa kuchoma mali za watu. Serikali ikainunua mwaka 1911, barabara zikaja, magari yakaja, na ilipofika 1922 abiria hawakuwapo tena. Ikabaki kubeba mawe, kisha ikang'olewa. Upana wa njia ya Bububu ulikuwa futi tatu, sawasawa na ule wa Isle of Man. Tofauti ni uvumilivu. Wale wa Man nao walifunga njia nyingi, lakini ile moja ya Port Erin waliiacha iendelee kula fedha mpaka hasara ikaitwa urithi. Zanzibar waliwahi mno kukata tamaa. Wangevumilia miaka hamsini tu, leo watalii wangekuwa wanalipa dola kuunguziwa kofia.

Hapo utaona kwa nini mradi huu ni mgumu huku kwetu. Reli ya Tabora hadi Mwanza inayopita Shinyanga ilikamilika 1928. Waingereza waliijenga ili mizigo ya ziwa, pamba ikiwamo, iteremke Dar es Salaam badala ya kuzungukia Kisumu na kuishia Mombasa. Inakaribia kutimiza karne. Kwa umri ingestahili kibao cha shaba na sherehe ya kukata utepe. Ila ina dosari moja isiyovumilika: bado ina kazi. Bado kuna kontena za kushushwa Isaka kwenye bandari kavu, bado kuna shangazi wa mtu anayeisubiri. Kitu chenye kazi hakiwezi kuwa urithi, kwa sababu watu wanakikasirikia, na mtu hawezi kukasirikia kitu na papo hapo akakinunulia fulana.

Ukitaka ushahidi, angalia kivuko cha Busisi. Miaka nenda rudi watu wa Geita na Sengerema walikaa kwenye foleni ya magari pale wakila mahindi ya kuchoma na kumlaani kila aliyehusika. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji, na sasa unavuka kabla hujamaliza salamu. Subiri kidogo. Watu walewale wataanza kusema kwamba foleni ile ilikuwa na utamu wake. Siku hiyo mtu mwenye akili akodishe pantoni, aweke wauza mahindi rasmi, atoze kiingilio.

Kwa hiyo kaa karibu na reli ya kisasa. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021, na kikikamilika treni za umeme zitaifanya ile ya zamani ionekane ya kizamani kwelikweli. Hapo ndipo pa kuruka. Uwahi, lakini, kabla ya wanunuzi wa vyuma chakavu, kwani hawa ndio wahifadhi wa mambo ya kale wenye kasi kuliko wote Kanda ya Ziwa: kitu kikisimama siku mbili bila mlinzi, wao wanakihifadhi kwenye mizani.

Kuhusu kichwa cha treni, kila mtu atakushauri uende Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971. Nenda, ila usijipe moyo sana. Utaoneshwa madude ya Garratt ya daraja la 59, yaliyoundwa na Beyer Peacock (ndiyo, walewale wa Isle of Man) katikati ya miaka ya 1950. Yalikuwa 34, kila moja na jina la mlima, na hayakuwahi kuwapo makubwa zaidi yao duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Nambari 5918 inaitwa Mount Gelai, na 5930 ni Mount Shengena. Gelai iko Longido. Shengena iko Same. Milima ni yetu, vyuma viko kwao, na jumuiya iliyoviunganisha ilivunjika 1977. Usilianzishe jambo hilo mbele ya mlinzi wa getini. Na hata wakikupa bure, dude moja lina tani 252 na urefu wa mita 32 hivi. Likishuka gatini Rubondo, kisiwa kitainama.

Tafuta kidogo, cha shambani, cha kuvuta mabehewa mawili. Ufundi usikutishe. Mtu anayeweza kufufua karasha lililozimika Nyarugusu usiku wa manane, kwa waya, sabuni na matusi, hatashindwa na pistoni za mvuke. Shida ni boila. Boila ikipasuka haisemi samahani, ndiyo maana OSHA watataka kuikagua kila mara, LATRA watauliza leseni ya njia, NEMC watadai tathmini ya mazingira ya kitu ambacho kazi yake ni kutoa moshi. Wape soda wote, waoneshe picha za sokwe.

Moto ndio mtihani wenyewe. Miaka ya mwanzo treni za Afrika Mashariki zilikula kuni. Ukipendekeza hilo Shinyanga, jiandae kukimbia. Mkoa huu uliwahi kukatwa miti hadi watu wakaanza kuuita jangwa. Ndipo mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao badala ya kuwahubiria Wasukuma ulirudi kwenye ngitili, utaratibu wao wa tangu mababu wa kutenga malisho yapumzike. Miti ikarudi, na mwaka 2002 kazi ile ikapewa Tuzo ya Ikweta. Sasa wewe uje na dude linalotafuna mzigo wa kuni kwa kila kilima? Wazee wa kijiji watakusikiliza kwa heshima, watakuitikia "mwangaluka" vizuri tu, halafu utaona ng'ombe wa faini anatajwa.

Labda makaa ya mawe. Hayo yako Ngaka, Mbinga, upande wa pili wa nchi, na yatakufikia kwa lori la dizeli, hivyo dizeli nyingi itaungua ili wewe usitumie dizeli. Usione aibu. Waingereza wenyewe, waliochimba makaa hadi wakatajirika, sasa treni zao za kitalii zinaagiza makaa kutoka nje.

Maji je? Rubondo umezungukwa nayo, ukishakubaliana na viboko. Ukiamua kujaribu kwanza Shinyanga mjini, kumbuka kwamba maji ya bombani pale yanatoka Ziwa Victoria, yakisukumwa kutoka Ihelele, Misungwi. Yaani maji yaliyosafishwa na kuvutwa kote huko, yageuzwe mvuke ili mtalii apige picha. Fungulia bomba usiku.

Wafanyakazi ndio watakaokushangaza. Huko visiwani kwao wastaafu hulipa ada ya uanachama ili waruhusiwe kupakia makaa kwa koleo siku nzima bila mshahara. Jaribu kumweleza hivyo kijana wa Rwamgasa. Mwenzio amezoea duara, anajua ukichimba kuna mgawo: wa mwenye shamba, wa mwenye duara, wa wachimbaji. Atakuuliza mgawo wake uko wapi, na ukimwambia ni furaha ya kuhudumia historia atakutazama kwa huruma. Mpe majivu. Mwambie yote yatakayotoka kwenye tanuri ni yake. Atayafunga kwenye viroba ayapeleke kwa mtu mwenye karasha, maana huku hakuna vumbi linalotupwa kabla halijasagwa na kuoshwa. Na asipopata kitu, atasema hakuchoma vya kutosha, kesho atarudi na bidii zaidi. Fayamani wa namna hiyo Isle of Man hawana.

Kwa mgeni anayekuja kutembelea, maelekezo ni machache. Vaa nguo usiyoipenda. Usiketi upande wa upepo. Usiulize treni inaenda wapi. Ni utovu wa adabu, na dereva mwenyewe anaweza kuanza kulifikiria swali hilo. Zawadi zitauzwa stesheni, ila dhahabu usinunue kwa mtu wa dirishani hata akikuapia kwa mama yake: Geita kuna soko la madini tangu 2019, dhahabu inapita pale. Na ukimkuta ndani ya behewa mama mwenye tenga la nyanya na jogoo, usimpige picha. Huyo ana safari.

Mwenye mradi naye aweke madirisha mawili ya tiketi. La kwanza la watalii, kwa dola. La pili, kwa ajili ya amani na majirani, la watu wenye shida zao: wa kliniki, wa gulioni, wa mahakamani. Yahesabu madirisha hayo kila jioni. Siku ukikuta foleni ya pili imeizidi ya kwanza, zima moto, andika barua ya kuacha: umeanzisha reli ya kweli, na hiyo ina wizara yake.