Analala Vikindu, Anachuma Kariakoo

Mfyuu! Eti Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Haya, tumesikia. Ndiyo sensa ya 2022 hiyo: aliyelala Dar usiku wa kuamkia Agosti 23 kahesabiwa Dar, basi. Sasa njoo Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, Ilala, saa nne asubuhi, uniambie hawa wote wamelala wapi.

Muuza viatu huyu katoka Vikindu. Vikindu ni Mkuranga, na Mkuranga ni Pwani. Dada wa vitenge pale kaja na basi la Kibaha. Pwani tena hiyo. Kwenye vitabu hao ni watu wa Pwani, lakini choo wanachokitafuta mchana kiko Ilala, taka wanazoziacha inazizoa Ilala, na ushuru wa huduma wa duka unalipwa Ilala. Jioni wote haoo, Kariakoo inabaki na walinzi na paka.

Mzee wa kahawa kadakia: basi wahesabiwe kazini, yaishe. Aka! Yaishe wapi, mzee wangu? Kuhesabu kazini maana yake unamwendea mwajiri, unamuuliza ana watu wangapi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inao utafiti wa hivyo, wa ajira na kipato, lakini ni wa sekta rasmi. Mama ntilie yuko kwenye daftari la nani? Mpiga debe je? Na mwalimu wa shule mbili, kila shule ikimtaja, tayari kawa watu wawili na mshahara haujatosha hata mmoja.

Utafiti wa nguvukazi wenyewe unabisha hodi majumbani. Huko mwalimu wetu ni mtu mmoja, na mama ntilie anaonekana. Ila mwenyewe hayupo, yuko mjini, anajibu shemeji: “Ah, yule anahangaika tu.” Haya karani, kuhangaika utaiandika kazi gani?

Ndiyo maana namba zikitofautiana watu wanasema tunadanganywa. Hatudanganywi, jamani. Huku wamehesabu watu, kule wamehesabu nafasi za kazi. Wala si kwetu tu: London kuna kipande cha mabenki wanakiita City, wakazi hawafiki 10,000, wanaofanya kazi humo wanapita laki tano. Ukiwapangia usafiri kwa hesabu ya waliolala, si utawapelekea mabasi matatu?

Kinachoniudhi mimi ni kwamba huyu wa Vikindu anapigia kura Vikindu. Diwani wa huku amwogope kwa lipi? Ndiyo maana foleni ya choo haimshtui mtu. Waheshimiwa, mkikaa kupanga vyoo, maji na vituo vya daladala vya Kariakoo, wekeni pembeni idadi ya waliolala. Hesabuni wanaoshuka kwenye daladala saa moja asubuhi.