Plagi za Shemeji

Gari likigoma kuwaka uani kwako, mtaa mzima hugeuka gereji. Siku za kawaida sijui watu huwa wapi. Shusha mifuko ya saruji uone kama atatokea hata mtoto wa kukupa pole. Lakini piga stata isiyoshika, Jumamosi asubuhi, hapa kwetu Tabata, utaona vichwa vinachomoza juu ya ukuta, na kila kichwa kina jibu.

Langu ni Corolla 110, namba A, injini ya 5A ya petroli. Ni la zamani na silionei haya. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Huku kwetu la miaka 8 bado tunalivua nailoni za viti kwa heshima. Ijumaa jioni liliingia uani lenyewe, halina homa wala mafua. Likumbuke hilo, msomaji, maana kesho yake nilibaki peke yangu ninayelikumbuka.

Kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi saa nne kilipita kitu kimoja tu: shemeji. Huyu ni kaka yake mama watoto, amekuja kutoka Morogoro kwa shughuli zake, na ana simu yenye bando lisiloisha. Alikuwa ametazama video ya kubadilisha plagi. Akasema kumpa fundi elfu kumi na tano kwa kazi ya spana moja ni kutupa hela. Nikasema fundi naye ana watoto. Mama watoto akaniangalia. Walio kwenye ndoa wanajua kuangaliwa vile hakujibiwi kwa maneno. Funguo zikatoka.

Shemeji akachomoa nyaya zote za plagi kwa mkupuo, akazilaza juu ya gazeti, akafungua plagi kuukuu, akafunga mpya, akarudisha nyaya, akafuta mikono kwa kitambaa changu cha kufutia kioo. "Washa, shem!" Stata ikazunguka vizuri kabisa. Injini ikakohoa, ikapiga chafya moja nzito, ikanyamaza.

Hapo ndipo wataalamu walipofika. Jirani wa upande wa kulia akasema betri. Huyu husema betri hata friji ikigoma. Stata inazunguka kwa nguvu, taa za dashibodi zinang'aa, yeye betri. Kijana wa boda akasema pampu ya mafuta. Mwalimu mstaafu akasema mafuta yamechakachuliwa, kisha akatusomesha historia: jinsi watu walivyokuwa wakichanganya petroli na mafuta ya taa, mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilivyoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ilivyopandishwa mwaka uliofuata ili mchezo usilipe. Somo zuri, sina ubishi. Ila mafuta hayo hayo ndiyo yaliyolileta gari nyumbani jana yake.

Wengine wakataka tulisukume. Gari la otomatiki! Gia za namna hii zinaendeshwa na mafuta yanayosukumwa na pampu yake, na pampu hiyo haizunguki mpaka injini izunguke kwanza. Unaweza kulisukuma hadi Buguruni, magurudumu yatazunguka na injini isijue kama kuna safari. Niliwaeleza. Wakalisukuma hadi getini, wakalirudisha, wakaomba soda.

Swali lenyewe hakuna aliyeliuliza: ni nani aliyeligusa mwisho? Si kwamba walikuwa hawajui. Shemeji alikuwa amesimama pale, mikono myeusi hadi viwikoni. Lakini shemeji ni mgeni, ni ndugu wa mke, na mtu wa aina hiyo kwa desturi zetu haharibu kitu. Kitu ndicho huharibika chenyewe akiwa karibu. Nikajaribu kupita pembeni: "Shem, zile nyaya zimekaa vilevile?" "Vilevile, shem. Nikuoneshe video?" Mama watoto akaniangalia tena. Nikajiunga na kambi ya betri.

Tukaendelea kupiga stata. Sasa stata ndiyo inayokula umeme kuliko kifaa kingine chochote garini, na alternata haichaji betri injini isipowaka. Kwa hiyo alasiri betri ikafa kweli. Jirani wa kulia alipita nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba yeye alisema tangu asubuhi. Ikaletwa betri nyingine ya kubusti, taa zikawaka, watu wakapiga makofi, stata ikazunguka kwa ari mpya. Injini ikakohoa vilevile.

Baada ya kuonja daladala ya Kariakoo, ambamo nilisafiri na kwapa la mtu nisiyemjua, nikamwita fundi. Alikuja na kibegi mgongoni. Hakugusa betri, hakunusa tangi. Alisikiliza chafya moja, akafunua boneti, akauliza, "Mzee, nani kashika hapa?"

Ua mzima kimya. Huyu hana undugu na sisi, ndiyo maana aliweza kuuliza. Mama watoto akakumbuka maharage jikoni. Shemeji akapigiwa simu ambayo haikuita.

Kumbe injini ile haipewi moto kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4. Ni 1, 3, 4, 2, ukianza kuhesabu silinda kutoka upande wa mkanda wa taiming, na rota iliyomo ndani ya distributa inagawa umeme kwa zamu hiyo. Shemeji alipanga nyaya kama tulivyohesabu darasa la kwanza. Silinda namba moja tu ndiyo iliyobaki na haki yake. Zilizobaki zilikuwa zinapewa moto kwenye zamu ya mwenzake, nyingine vali zikiwa bado wazi, na chafya ndiyo hiyo. Fundi akahamisha nyaya tatu, gari likawaka.

Akataka elfu thelathini. Nikamwuliza mbona kubadilisha plagi zote ni kumi na tano. "Kumi na tano ni ya kabla hamjashika, mzee." Nikalipa.

Mlio na mashemeji wenye bando, wapeni utepe waandike namba kwenye kila waya kabla ya kuugusa. Au wachomoe mmoja, wabadilishe plagi yake, waurudishe, ndipo waende wa pili. Video za hilo nazo zipo, lakini ni fupi na hazina muziki.

Shemeji ameongeza siku za kukaa. Anasema amesikia breki zinalia. Hazilii. Kama uko Tabata na una stoo yenye kufuli, naomba unihifadhie jeki.