Eti Shukuru Una Kazi

Jamani, jana nilisonya mpaka muuza kahawa akageuka kunitazama. Jirani yetu hapa Tandika, mtunza stoo wa kiwanda kimoja kwa miaka tisa, kaja kijiweni jioni mikono mitupu. Wanaomjua wataelewa. Huyu bwana hatembei bila funguo zake: ziko saba, zimefungwa kwa uzi mwekundu, na akikaa tu lazima azibwage juu ya benchi. Jana alikaa kimya kimya.

Kumbe asubuhi kaitwa ofisini, kapewa barua ya mistari minne. Kuanzia mwezi huu wewe ni mpakiaji, na mshahara unashuka kutoka 780,000 hadi 520,000. Kosa halikutajwa. Kikao hakikuitishwa. Funguo kaambiwa amkabidhi kijana aliyemfundisha mwenyewe kujaza leja, na kijana wa watu kazipokea kainamisha kichwa.

Sasa kilichonichefua kuliko hata hiyo barua ni sisi wa benchini. Mmoja: "Kaka, shukuru una kazi, wangapi wako mtaani?" Mwingine: "Watupie barua ya kuacha kazi, mwanamume hachezewi." Ah! Huyu anataka anyamaze, yule anataka akimbie, na tajiri anafurahia yote mawili.

Ukiweka saini ya kukubali, umekubali. Ukiondoka kwa hasira, kazi ya kuthibitisha kwamba ulisukumwa ni yako. Na hasara haiishii kwenye hiyo 260,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, wako na wa mwajiri, kwa hiyo akiba ya uzeeni nayo inapungua 52,000 kila mwezi. Kuna na kiinua mgongo: sheria inataka walau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Leo wakushushe, mwezi wa sita wakupunguze kazini, wapige hesabu kwa mshahara mdogo. Miaka tisa yote uliyobeba funguo inalipwa kwa bei ya kupakia mizigo. Huo ni wizi, na sitafuti neno laini zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kubadili masharti ya kazi yako kama anavyobadili kufuli. Anatakiwa ashauriane nawe, kisha akutaarifu kwa maandishi. Kama anadai una kosa, akupe tuhuma, akuachie walau saa 48 za kujiandaa, na uingie kwenye kikao na mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi.

Basi nikamwambia: barua ukilazimika kuitia saini, andika "nimepokea, sikubaliani". Kesho nenda kazini kwa wakati, hata kama ni kupakia, usiwape sababu. Waandikie barua yako ya kupinga, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kusanya mkataba na salari slipu za nyuma. Wasipokusikiliza, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo CMA, ujaze Fomu Namba 1. Si lazima uwe na wakili. Ila siku zinahesabiwa: mgogoro kama huu una siku 60 tangu uanze, na wa kuachishwa kazi una 30 tu. Wengi wanapoteza haki kwa kungoja bosi apoe.

Alisikiliza, akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, palepale funguo zilipokuwa zikikaa.

Barua ina tarehe ya jana. Zimebaki siku 59. Ninyi mliofanya naye kazi stoo ile mnajua alivyokuwa akiishika. Akiwaomba mje mseme mlichokiona, msimkimbie.