Mama Mkwe na Nyumba Inayozunguka

Ndugu yangu mwenye mji na watoto, wewe utanielewa. Mama mkwe akishashuka kutoka Tanga, hapa nyumbani kwetu Dar es Salaam amri zote ni zake. Tunamwita Jemadari, naye anajua. Rimoti haimtoki mkononi, na tamthilia zake za Kituruki husikika mpaka gengeni. Nampenda sana mama huyu, lakini kelele zile zilikuwa zimetuchosha.

Alfajiri moja akageuka kitandani avute kanga, mara tukasikia ukelele: "Mama Zuhura, nyumba inaanguka!" Tukamkuta ameng'ang'ania godoro, jasho linamtiririka, kisha akatapika. Akitulia kidogo, kizunguzungu kinaisha. Akigeukia kulia tu, kinaanza upya.

Baraza likakaa. Mke wangu akasema ni presha, akaficha chumvi yote. Shemeji, tunayemwita Dokta Kijiwe maana hakuna ugonjwa asiokuwa na jibu lake, akasema malaria. Jirani akataka mama apungwe. Presha ikapimwa, iko sawa, malaria hakuna. Binti yetu Zuhura, Redio Mbao wetu, alikuwa keshautangazia mtaa mzima kwamba bibi kapandisha.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetuelekeza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Jemadari akagoma: "Sikio langu haliumi!" Daktari akamsikiliza kwa adabu, kisha akatufafanulia.

Sauti ikigonga kiwambo cha sikio, vifupa vitatu huipokezana. Cha mwisho, kikuku, kina milimita 3 hivi, na ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Kikuku hutikisa umajimaji wa sikio la ndani, na seli zenye vinyweleo hupeleka habari ubongoni. Jirani na hapo kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja na uelekeo wake, inayofanya kazi ya pima maji ya fundi mwashi: kuuarifu ubongo kichwa kinageukia wapi. Kando ya mirija kuna chembe za chokaa zilizoshikamana mahali pake. Umri ukisogea, au kichwa kikigongwa, baadhi hubanduka na kuingia mirijani. Basi mtu akigeuka, zinasukuma umajimaji, na ubongo unaambiwa bado anazunguka ilhali amelala.

Akamketisha mama, akamgeuza kichwa kulia, akamlaza upesi huku akimkazia macho. Mboni zikaanza kurukaruka. Kipimo hicho kilielezwa na Dix na Hallpike wa Uingereza mwaka 1952. Dawa hakuandika. Alimgeuza kichwa hatua kwa hatua, kulia kwenda kushoto, akingoja kidogo kila mkao, mpaka akamketisha tena. Njia hiyo aliichapisha John Epley, daktari wa Marekani, mwaka 1992, na lengo lake ni kuzirudisha chembe zilikotoka. Jemadari akasimama imara, akaulizia chai.

Hapo mke wangu akaishitaki televisheni. Mtaalamu wa usikivu akamwingiza mama kwenye chumba kisichopitisha kelele, akamvalisha vipokea sauti, akampa kitufe abonyeze kila asikiapo mlio. Milio minene aliisikia, myembamba ilimpita. Uzee huanza kula sauti nyembamba, ndiyo maana mzee husikia watu wakiongea lakini maneno hayashiki. Zile seli zenye vinyweleo zikifa, hazioti tena.

Sasa mama anavaa kifaa cha usikivu. Televisheni imepungua, rimoti bado ni yake, na tulichonong'ona jikoni juu ya nauli ya kurudi Tanga alikijibu kutoka sebuleni: haendi.

Mwenzangu, ukiwa na mzee anayeona dunia inazunguka kila akigeuka kitandani, mpeleke akapimwe masikio. Na kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, usingoje baraza la ukoo. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.